Darasa la Uchumi Mtandaoni: Nani Anayelipa?



Katika gombolola yetu ya Rubongi, na kote kuanzia Tororo mjini hadi vibanda vya mpakani Busia na Malaba, kuna usemi uliozoeleka kila kijana anapomaliza kidato cha sita na kukosa karo ya kumpeleka Kampala: "Asome mtandaoni, siku hizi kila kitu ni bure." Wazazi huutamka kwa matumaini, viongozi kwa wepesi wa ulimi, na vyuo kwa hamu ya kupata wateja. Leo nakusudia kuupinga. Sipingi kusoma mtandaoni. Ninapinga neno "bure", na uzembe wote uliojificha nyuma yake.

Nimechagua somo moja la kupimia hoja yangu, nalo ni utangulizi wa uchumi. Hili ndilo somo ambalo anayesomea biashara, uhasibu, utawala au maendeleo hulikuta mwaka wake wa kwanza chuoni. Tena ndilo somo ambalo kila raia angepaswa kulionja, kwa sababu kila mwezi Juni bajeti husomwa, kodi hupandishwa au kushushwa, na sisi tusioelewa hubaki kunung'unika sokoni badala ya kuhoji panapostahili.

Somo linalolikana neno "bure"

Fungua kitabu chochote cha utangulizi wa uchumi. Kabla hujafika mbali utakutana na dhana mbili. Ya kwanza ni uhaba: mahitaji ya binadamu hayana kikomo ilhali njia za kuyatimiza zina kikomo. Ya pili ni gharama mbadala, yaani thamani ya kile unachokiacha ili upate ulichokichagua. Aliyezielewa dhana hizo hadanganyiki tena kwa urahisi, kwa kuwa anajua hata muda wake una bei.

Tuzitumie basi. Mchukue binti wa Rubongi anayetaka kusikiliza mhadhara wa saa moja kwenye simu. Kama kwao hakuna umeme, atalipa kibandani simu ichajiwe. Atanunua bando. Kisha itambidi aipate saa yenyewe, na saa hiyo ataitoa kwenye palizi ya muhogo, kwenye genge la mama yake, au kwenye usingizi. Kaka yake mwendesha bodaboda ataitoa kwenye abiria aliowaacha stendi. Mwenzao wa mjini, aliyeketi chumbani penye umeme na intaneti isiyopimwa kwa kibaba, hubeba sehemu ndogo tu ya mzigo huo. Mhadhara ni uleule na mhadhiri ni yuleyule, lakini bei ni mbili, na ile kubwa imemwangukia mwenye uwezo mdogo.

Njoo sasa kwenye kodi. Mwezi Julai 2018 Uganda ilianzisha kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Kwa mtumiaji wa kila siku hiyo ilikuwa shilingi 73,000 kwa mwaka. Mwezi Julai 2021 kodi hiyo ilifutwa, na mahali pake ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Juu ya ushuru huo ipo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Piga hesabu nami: huduma yenye thamani ya shilingi 1,000 hufika 1,120 baada ya ushuru, kisha karibu 1,322 baada ya kodi ya ongezeko la thamani. Maana yake, katika kila shilingi 1,000 unazonunulia bando, karibu robo huenda kwa mtoza kodi kabla hujafungua ukurasa wa kwanza wa somo.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria yenyewe ya mwaka 2021 iliisamehe ushuru huo data inayotumika kutolea huduma za elimu na za tiba. Nia ilikuwa njema, na aliyeandika kifungu hicho alimfikiria mwanafunzi. Lakini jiulize, ndugu msomaji: mara ya mwisho uliponunua bando la kawaida kibandani, je, kuna aliyekuuliza kama unakwenda kusoma au kutazama mpira? Bando halijui kazi yake. Msamaha ulioandikwa kwa ajili ya mwanafunzi haumfikii mwanafunzi anayejinunulia data mwenyewe, shilingi 500 leo na 1,000 kesho. Huo nao ni uchumi: sheria inaweza kumtaja mmoja kuwa mlipaji au msamehewa, lakini mzigo hatimaye humtulia yule asiye na pa kukimbilia.

Mwanafunzi si kisiwa

Hoja ya pili inahusu upweke. Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Kufungwa huko kulitajwa kuwa kurefu kuliko kote duniani. Aliyekuwa mwanafunzi wakati ule ndiye kijana anayegonga milango ya vyuo sasa. Alipokonywa mwalimu akiwa mtoto. Leo, akiwa mtu mzima, tunamwambia tena ajifundishe peke yake, na tunaliita jambo hilo maendeleo.

Wanaotetea masomo ya mtandaoni hupenda kutaja vyuo vikubwa vya Marekani. Ni kweli, Chuo cha MIT kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni bila malipo, na mihadhara yake ya utangulizi wa uchumi ni mizuri, nakusihi uitafute. Lakini ukisikiliza habari njema, sikiliza na nusu yake ya pili. Mwaka 2019 watafiti wa chuo hichohicho walichapisha matokeo ya kuchunguza kozi zilizotolewa na MIT na Harvard kwa umma wa dunia nzima mtandaoni. Katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018, waliomaliza kozi walikuwa takriban watu 3 katika kila 100 walioanza. Ikiwa 97 kati ya 100 huachia njiani duniani kote, wakiwemo wenye umeme usiokatika na meza ya kusomea, ni haki gani inayotuwezesha kumwita mvivu kijana wa Rubongi aliyeachia njiani?

Elimu ya masafa si ngeni wala si mbaya. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianza kufundisha mwaka 1971 kwa vitabu, redio na televisheni, lakini kiliwapa wanafunzi wake wakufunzi na vituo vya kukutania. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilijenga vituo mikoani. Makerere yenyewe ilianza kufundisha shahada ya biashara kwa masafa mwaka 1991, kabla wengi wetu hatujasikia neno intaneti. Waasisi wa mipango hiyo walijua kwamba umbali huzibwa na mtu, na kwamba karatasi au kioo cha simu ni chombo tu.

Nikupe mfano wa kwa nini mtu anahitajika. Katika utangulizi wa uchumi kuna mchoro wa mistari miwili, mmoja wa mahitaji na mwingine wa ugavi. Wanafunzi wengi huchanganya mambo mawili: kusogea juu ya mstari na mstari wenyewe kuhama. Bei ya maharage ikipanda soko la Busia, mnunuzi hupunguza kipimo. Huko ni kusogea juu ya mstari uleule. Shule za bweni zikifunguliwa upande wa Kenya, wanunuzi wa maharage huongezeka hata kabla bei haijabadilika. Hapo mstari mzima umehama. Mwalimu aliye mbele ya darasa huiona sura ya aliyepotea, akarudia kwa mfano mwingine. Video haioni sura ya mtu. Huendelea mbele, na aliyepotea hubaki amepotea hadi siku ya mtihani.

Usisahau pia kwamba darasa hilo linaweza kufungwa kwa amri moja. Mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku tano. Siingii katika ubishi wa kisiasa. Nauliza swali la kiraia. Anayekuuzia kiti katika darasa linaloweza kuzimwa hivyo, je, amekueleza siku hizo zitafidiwa vipi, na na nani?

Uchumi wa nani?

Hoja ya tatu ndiyo inayonikera zaidi. Kijana huyu akishalipia simu, bando na muda, anafundishwa uchumi wa wapi? Anafundishwa mahitaji kwa mfano wa pizza na ugavi kwa mfano wa aiskrimu. Anafundishwa biashara ya kimataifa kwa mfano wa David Ricardo wa mwaka 1817, wa nguo za Uingereza na divai ya Ureno. Anajibu mtihani, anapata cheti, kisha anarudi mpakani, mahali palipojaa uchumi kuliko kitabu chochote, asiweze kueleza anachokiona.

Eneo letu ni maktaba ya uchumi iliyo wazi. Neno bodaboda, linalotumika leo Afrika Mashariki yote, lilizaliwa mpakani hapa, waendesha baiskeli walipokuwa wakibeba watu na mizigo kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Palikuwa na umbali, jua na mizigo. Pakatokea mtu mwenye baiskeli. Hakuna mfano bora wa ugavi unaozaliwa na mahitaji.

Tazama na magendo. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliteketeza mibuni ya Brazili, na miaka iliyofuata bei ya kahawa duniani ikapaa. Uganda chini ya Idi Amin, mkulima alilazimika kuiuzia bodi ya serikali kwa bei ya chini iliyopangwa. Ng'ambo ya mpaka palikuwa na mnunuzi anayelipa zaidi, tena kwa fedha yenye nguvu. Kahawa ikavuka usiku. Soko la Chepkube upande wa Kenya likapata umaarufu wake. Na adhabu kali hazikuizuia. Katika kisa hicho kimoja mwanafunzi angejifunza bei ya dunia, bei ya kupangwa, thamani ya sarafu na mipaka ya amri. Babu zetu wanakikumbuka. Kozi haikitaji.

Au chukua jambo la juzi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama mpakani. Baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe na mahindi yawe na cheti cha usalama. Hapo pana maswali ya muhula mzima. Nani alipata hasara, mkulima, dalali au mlaji wa unga wa Nairobi? Gharama ya kupima sumu ibebwe na nani? Afya ya mlaji huwekwaje kwenye mizani pamoja na riziki ya mkulima?

Zingatia na hili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo katika orodha iliyokubaliwa, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti chepesi cha uasili kinachotolewa mpakani. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilizinduliwa na marais wa nchi zote mbili mwezi Februari 2018. Hata hivyo wapo akina mama ambao bado hupita njia za panya, wakihatarisha mzigo na heshima yao. Mchumi aliyefundishwa hapa angeuliza sababu, na angegundua kwamba kutojua sheria nako ni gharama, pengine kubwa kuliko ushuru wenyewe. Elimu ya uchumi isiyoweza kumsaidia mama huyo itakuwa pambo la ukutani.

Lugha iliyoachwa mlangoni

Hoja ya nne ni ya taaluma yangu. Busia na Malaba, Mpadhola, Mteso, Msamia na Mluhya hufanyia biashara yao kwa Kiswahili. Kozi ya uchumi huja kwa Kiingereza pekee, nacho si Kiingereza cha polepole. Kwa hiyo mwanafunzi hubeba mizigo miwili, dhana ngeni kwa lugha ngeni, na hakuna wa kumtua hata mmoja.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina istilahi. Madai hayo ni ya mtu asiyeijua lugha anayoihukumu. Kiswahili kilikua bandarini na njiani kwa misafara. Biashara imo damuni mwake. Bei, faida, hasara, riba, rehani, dalali, hawala, bidhaa na forodha ni maneno yaliyotumika kabla ya kuwako Uganda wala Kenya. Ushuru ni neno lenye asili ya Kiarabu lililotokana na fungu la kumi. Rasilimali, ukilifungua, maana yake ni kichwa cha mali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijadili mali ya taifa kwa lugha hii, na kila Juni waziri wa fedha wa Tanzania huisoma bajeti bungeni kwa Kiswahili, pamoja na nakisi, ruzuku na mfumuko wa bei. Inawezekanaje lugha itoshe kusomea bajeti ya nchi nzima, isitoshe kumfundishia kijana maana ya bajeti?

Nasi Uganda hatuna kisingizio. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikifanya somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliazimia kifundishwe shuleni kwa lazima. Maazimio tunayo tele. Masomo ya bure ya MIT yenyewe yametolewa kwa leseni inayoruhusu kutafsiriwa, mradi yasiuzwe. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa chini akatafsiri, na taasisi ya kumlipa.

Majibu kwa wapinzani

Nasikia mwenye kusema, "Penye nia pana njia." Methali hii ni tamu, lakini isitumike kumkwepesha wajibu yule aliyepaswa kuijenga njia. Nia ya mwanafunzi haishushi kodi, haiwashi umeme, wala haisahihishi mchoro uliokosewa.

Mwingine atasema kuwa masomo ya mtandaoni humfikia mama anayenyonyesha na kijana mwenye kazi, ambao darasa la Kampala lisingewapokea. Nakubaliana naye kabisa. Ndiyo maana nadai yawe bora. Anayempenda mama huyo asimuuzie darasa nusu kwa karo nzima. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa mambo yameharibika zaidi, kwani rahisi ni ya chuo na ghali ni ya mwanafunzi.

Wa tatu atasema serikali haina fedha. Lakini robo ya kila bando tayari iko mikononi mwake. Sijaomba fedha mpya. Naomba sehemu ya fedha hiyo irudi kuwasha taa ya msomaji.

Tudai nini?

Kwanza, msamaha wa ushuru ulioandikwa kwa ajili ya elimu umfikie mwanafunzi mwenyewe, ama kwa kurasa za masomo kufunguka bila kula bando, ama kwa bando la masomo lisilotozwa ushuru huo. Mwulize mbunge wako amefanya nini juu ya kifungu hicho.

Pili, kila gombolola iwe na chumba kimoja cha kusomea: umeme, intaneti, meza, na mkufunzi anayekuja siku zinazojulikana. Majengo ya shule zetu hukaa wazi jioni na mwisho wa wiki. Lipeleke ombi hili kwenye baraza la gombolola wakati wa kupanga bajeti, nawe uwepo siku linapojadiliwa.

Tatu, kabla hujalipa hata shilingi, kiulize chuo maswali haya kwa maandishi. Je, kozi hii imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, au na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikiwa chuo kiko Kenya? Nani atasahihisha kazi zangu, na kwa siku ngapi? Intaneti ikizimwa, mtihani wangu utakuwaje? Nikiacha katikati, karo itarudi kiasi gani? Chuo kinachoona haya kujibu kimekwisha kukujibu.

Nne, walimu wenzangu wa Kiswahili na wa uchumi, tuketi pamoja. Tuanze na dhana ishirini tu, tuziandike kwa Kiswahili fasaha na kwa mifano ya Rubongi, Nagongera, Malaba na Busia, tuzigawe bila malipo kwa karatasi na kwa simu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi tuliisoma methali hii shuleni tukadhani inamhusu mwenye duka peke yake. Inalihusu taifa pia. Kijana atakayeelewa uchumi wa mpaka wake ndiye atakayelishika daftari letu, aone nani ametozwa, nani amesamehewa, na nani amejificha nyuma ya neno "bure". Basi tusimwache alipe peke yake.